Cherehani Zisizovunjika Sindano

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, na wazazi mliovumilia jua: sisi wanachuo wa ushonaji tunakukaribisha, mgeni wetu, kwa moyo mkunjufu. Jisikie uko nyumbani.

HISTORIA

Chuo chetu kimepata wakuu wawili. Wa kwanza tulimwita Mama Pini, maana hakukosa pini kwenye kola. Asubuhi hakuanzia ofisini bali karakanani, akavuta kigoda akaketi pembeni ya aliyekwama. Sindano zilivunjika kila mara. Bodi ilipomhoji, alisema lawama ni zake. Akahamishwa.

Mkuu wa sasa ni mtu wa utaratibu, wala hatusemi kwa kejeli. Alikuta mashine nyingi mbovu, akaapa hazitaharibika tena mikononi mwake. Anatuongoza kwa matangazo ya ubaoni, na ufunguo wa karakana hautoki mfukoni mwake.

MAFANIKIO

Cherehani zote ni nzima. Tangu aje, haijavunjika hata sindano moja.

CHANGAMOTO

Kukanyaga pedeli tunajifunza kwa kukanyaga sakafu, mwalimu akituhesabia. Mwenzetu mmoja, mama wa mapacha, alikwenda kuomba kazi kwa fundi wa mjini. Akaketi, akakanyaga, gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukakatika. Fundi hakumcheka. Alimwuliza kwa upole, “Dada, umesomea wapi?”

“Sijasoma popote,” akajibu.

Nyumbani aliwaambia wanawe kwamba nafasi zimejaa. Tulipopata habari tuliumia sana, kwa sababu alikikana chuo ili kukisitiri.

MAOMBI

Mtihani wa vitendo ni mwezi ujao. Mashine unazoziona zimetolewa leo kwa heshima yako, zikafutwa vumbi, nasi tukaelekezwa tuketi bila kukanyaga. Jioni zitarudi ndani. Hatuombi mashine mpya, wala hatuombi Mkuu wetu aondolewe. Tunajua anazitunza kwa nia njema.

Tunaomba jambo moja. Kabla hujanyanyuka, turuhusu tukushonee pindo la kitambaa hiki tulichokuandalia. Litakwenda kombo, na uzi huenda ukakatika. Tafadhali usitupigie makofi. Tazama tu, kisha mwombe Mkuu asifunge mlango wa karakana.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwa wanaokungoja, nasi atujalie mikono yenye kazi.

Ni sisi, wanachuo wa ushonaji, mwaka wa mwisho.

Imesomwa kwa niaba yao na mama wa mapacha.