Historia ya Audeh Mitri, Mume wa Wadia na wa Barabara ya Jangwani

Ndugu waombolezaji, kahawa chungu ikishakufikia, tulia, maana familia imemkabidhi usomaji huu shemeji wa marehemu, yule aliyepanda lori lake mara moja tu, akatapika tangu Amman hadi Ma'an.

Marehemu Audeh Mitri alizaliwa hapa Madaba tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa nne wa fundi mawe, akasoma shule ya parokia hadi mwaka 1972, hesabu zilipomshinda naye asizibembeleze. Mwaka 1978 alianza kuendesha lori la mizigo kati ya Amman na Aqaba, kwa Barabara ya Jangwani, kazi aliyoifanya hadi 2019.

Tarehe 14 Septemba 1983 alifunga ndoa na Wadia, dada yake msomaji, wakajaliwa Rakan, 1985, na Suhair, 1988, wote wakazaliwa baba yuko njiani, jambo ambalo Wadia hakulisamehe, akaapa kutoikanyaga barabara hiyo, akiiita mke mwenza, na mume akirudi humpokea mlangoni kwa kumwambia, "Vumbi lake hilo ulikung'ute kabla hujanishika!"

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na tarehe 6 Novemba 2023, alipokwenda Aqaba kuwaaga madereva wenzake, alizidiwa, akafariki hospitalini huko, akimwachia Rakan ombi moja, arudishwe nyumbani kwa Barabara ya Jangwani. Wadia akashikilia njia ya Bahari ya Chumvi, "Hata maiti nigawane naye?", Rakan akamsihi, "Mama, ni mara ya mwisho," ndipo akakubali, kwa sharti kwamba akae yeye garini ubavuni mwa jeneza, amlinde.

Msafara uliposimama Qatrana, kituo cha madereva njiani, muuza chai Abu Ghazi alimletea glasi isiyo na sukari, Wadia akashtuka, "Nani kakwambia nanywa hivi?", "Mumeo mwenyewe, Mama Rakan, akiketi hapa habari ni wewe tu, mpaka njia nzima tukakuonea wivu," naye akainywa yote, kisha akamwagiza dereva apunguze mwendo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Aqaba, majirani waliopika mansaf, na madereva waliotusindikiza kwa honi. Dada ameagiza tumalizie kwa maneno yake: Audeh, kesho huna safari, na nafasi ya ubavuni mwako ni yangu, asije mwingine akaikalia, pumzika kwa amani.