Vikombe Mia Moja Hamsini na Viwili

Mheshimiwa Naibu Meya, Padri Wim, Maman Thérèse katibu wa umoja wetu, wazee wetu wa Bukavu na Uvira, ndugu zetu wa Bujumbura, wageni waalikwa, na ninyi mliotoka zamu hospitalini asubuhi hii na bado hamjalala: karibuni katika ukumbi huu, ambao kuanzia leo ni wetu kila Jumamosi.

Nimeombwa nieleze tulivyoupata. Mimi ni mwandishi wa habari, nitasema nilichokiona.

Mwezi Februari komuni, yaani halmashauri ya mji huu, ilituarifu kwamba ukumbi utapewa umoja wenye watu wasiopungua mia moja na hamsini. Haikutaka majina. Ilitaka idadi, na chini yake sahihi ya katibu. Kijana wetu Florent akasema, "Maman, weka tu deux cents, mia mbili, tumalize. Nani atakuja kuhesabu?"

Maman Thérèse akavua miwani. "Alors, niweke sinyature kwa chiffre yenye sikuona na macho yangu? Florent, mimi si mutoto." Akafungua daftari, akaanza kulipitisha watu wajiandike.

Likafika kwa Papa Nassoro, ambaye wengi mnamfahamu. Anasafisha ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord. Hakulishika. "Kwetu tulishaandikwa mara moja," alisema. "Inatosha." Kwa wasiojua, nitakuwa mfupi: mwaka mmoja wa vita, watu walikuja mtaani kwao Bujumbura na karatasi, wakasoma majina kumi na moja. Kaka yake alikuwa wa nne. Nassoro alipokataa, daftari letu lilizunguka kwa wengine na kurudi tupu. Je, nani kati yetu angethubutu kuwalaumu?

Padri Wim, wewe uliyefundisha Agano la Kale Bukavu kwa miaka ishirini na mitatu, ndipo ulipoinua mkono. Ulitukumbusha kwamba Waisraeli nao waliogopa kuhesabiwa, na walikuwa na sababu. Mfalme Daudi alipotaka kujua ana wanajeshi wangapi, hesabu yake ilifuatwa na tauni. Anayehesabu watu huanza kujiona mwenye watu, na watu wale walikuwa na Mwenyewe, yaani Mungu. Ndiyo maana jangwani, kila aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli, fidia ya nafsi yake, nayo ikatumika kwa hema ya ibada. Tajiri hakuruhusiwa kuzidisha, maskini hakuruhusiwa kupunguza. Aliyekuwa na ng'ombe mia na aliyekuwa na mbuzi mmoja walikuwa na uzito ule ule mbele za Mungu: mmoja, na mmoja.

Mzee Mansour, anayewasomesha watoto wetu Kurani, akasema, "Hilo nalikubali. Musa ni wetu pia."

Tukakubaliana kila mtu alete kikombe kimoja kutoka nyumbani. Tungehesabu vikombe, si watu, na vikombe vingebaki kwa kazi ya ukumbi.

Hapo tukakosea, kwa namna ambayo ni sisi tu tungeweza kukosea. Jumamosi ya kwanza mezani palikuwa na vikombe mia mbili thelathini na kimoja. Maman Andrée, anayeishi peke yake, alileta sita. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu asiye na malezi. "Na mugeni akikuja, bwana, atakunywa chai na mukono?" Karibu kila nyumba ilikuwa imeongeza kikombe cha mgeni. Padri alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kwamba amri ile ya kutozidisha lazima iliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Tukaanza upya. Tulipata mia moja arobaini na saba.

Tulipungukiwa watatu, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Wapo waliotaka kwenda kumbembeleza Nassoro. Maman Thérèse alikataza. "Tukimusukuma, itakuwa tena ile liste ya majina ya kwao."

Jumapili alasiri, katibu akiwa bado na vikombe katika chumba cha parokia, Nassoro alikuja mwenyewe, pamoja na mkewe Rukiya na watoto watatu, kila mmoja na kikombe chake. Wakaviweka mezani.

"Umeandika jina langu?" aliuliza.

"Hapana, papa. Nimeandika moja, mara tano."

Akatazama ile meza. "Nipe kalamu," akasema. "Ile ya Bujumbura tuliandikwa na watu. Hii nitaandika mwenyewe." Akaandika majina matano, polepole, kwa herufi kubwa.

Mheshimiwa, idadi uliyoipokea Jumatatu ile ni mia moja hamsini na mbili. Ilihesabiwa mara mbili, na ni ya kweli. Tunaishukuru komuni kwa kuiamini.

Nanyi wengine, daftari la Maman Thérèse liko pale mlangoni. Mpaka sasa lina majina matano. Hakuna atakayekuita, wala atakayeuliza nani hajaandika. Kalamu iko pembeni yake.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Chai iko tayari.