Kazi ya Mwalimu Mathias

Gari lilipotoka Laela, kijana na binti waliokaa mbele yangu walikuwa wameshaanza kugombana. Nilivyowaelewa, wako kwenye kikundi cha watu wanaoandika pamoja programu huria ya kompyuta ya bei za mahindi, na mwisho wa kuikabidhi ni leo saa kumi. Kijana, Tito, ndiye anayekagua kazi za wote na kuziunganisha.

"Mwalimu Mathias ameanzia kwenye nakala ya zamani," alisema binti, Violeth. "Umeiunganisha, na yangu yote imefutika. Hukuisoma?"

"Niliisoma kidogo."

"Yangu umenirudishia mara nne nirekebishe, Tito. Mara ya mwisho kisa mstari mmoja mtupu."

"Yako naweza kuirejesha. Ila lazima nitoe ya kwake, na ataona."

"Si aone."

"Amenifundisha hesabu miaka minne. Nimwandikie nini? Shikamoo mwalimu, kazi yako nimeikataa?"

"Hivyohivyo."

Tito akageukia dirishani. Mimi ni mnunuzi wa mahindi, na magunia ya baba mkwe sijawahi kuyachoma bambo nione kilichomo ndani.

"Anatusubiri stendi," Violeth aliendelea. "Kama wewe unaogopa, nitamwambia mimi, tena usoni."

Tulipofika Sumbawanga, mzee mmoja alikuwa amesimama na begi la kompyuta, anatabasamu. Violeth alitangulia kushuka. Nikafungua kioo nisipitwe na neno.

"Shikamoo mwalimu," alisema, akampokea begi, na ya kazi hakuyagusa.