Sweta la Fundi Saa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusindikiza, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu, Mama Nyuzi kama mlivyozoea kumwita, yameandikwa na mume wake, Fundi Saa, ambaye sauti imemkauka, hivyo akamkabidhi mdogo wake ayasome, kwa sharti kwamba lisipunguzwe hata neno, yakiwemo ya kulalamika, kwani amelalamika ndani ya ndoa hii tangu mwanzo na haoni kwa nini aache leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, binti pekee wa mwashi na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akaanza shule ya msingi mwaka 1963, ambako mwalimu wa kazi za mikono alimfundisha kufuma, na hapo, kwa maneno ya mume wake, ndipo balaa lilipoanzia. Alimaliza sekondari mwaka 1974, akaajiriwa Januari 1976 kuwa mpokea simu katika ofisi ya maji, akakikalia kiti kile hadi alipostaafu mwaka 2011, simu begani, sindano mikononi, na wateja waliopiga kulia kwamba mabomba yamekauka waliambiwa wasubiri kidogo, mama anahesabu vitanzi.

Tarehe 20 Agosti 1979 alifunga ndoa na Fundi Saa, ambaye tangu uchumba marehemu alikuwa amemwahidi sweta la kijivu la kuvaa kibandani kwake, maana kibanda chenyewe hakipati jua, na vidole vikifa ganzi saa haitengenezeki. Jamani, sweta hilo lilianzwa kila mwaka. Kila mwaka nyumba ilijaa mabonge ya uzi, hukai kwenye kochi bila kuchomwa, chai inachemka mpaka inakauka, kwa sababu marehemu alikuwa akifuma zawadi za sikukuu za ukoo mzima, na kwa kuwa hakuwa na imani na futi, kila sweta alilipima mgongoni mwa mume wake, liwe la wifi, la shemeji au la mlinzi wa ofisini, simama wima baba, geuka, inua mkono, ndiyo maana ninyi nyote yaliwapwaya. Na lile la kijivu likikaribia shingo tu, hodi, kuna mkwe mpya, au mjukuu wa jirani, au mtu fulani ambaye ni aibu kumwacha mikono mitupu, basi limekwenda, na mwenye nyumba anaambiwa lako lipo, wewe si mgeni.

Mungu aliwajalia watoto watatu, waliozaliwa mwaka 1980, 1984 na 1989, nao kwa nyakati tofauti walimsihi mama yao amtangulize baba angalau mara moja, akawakubalia bila ubishi, kisha akafanya yale yale.

Afya yake ilianza kuzorota mwezi Machi mwaka huu, moyo ukawa mzito, akalazwa tarehe 2 Juni, na Fundi Saa akampelekea uzi wa kijivu kwa mkono wake mwenyewe, akijisemea kwamba wodini hakuna wa kubisha hodi. Ikawa kweli, likafumwa, likafika shingoni, likapita, akalivaa mbele ya madaktari likamkaa vizuri, zikabaki ncha za uzi za kufichwa, mume akarudi nyumbani kulala akiwa na furaha. Asubuhi alimkuta muuguzi wa zamu ya usiku, binti mwembamba, amelivaa juu ya sare, mikono inamfika kwenye kucha, kisa dirisha la wodi halifungi na marehemu alimwona anatetemeka. Fundi Saa alipandwa na hasira, akasema wodi nzima ikisikia kwamba amechoka, kwamba hakuoa mke, alioa duka la bure, na marehemu akacheka hadi akakohoa, akamwambia nenda kalete uzi mwingine. Alikwenda, ananung'unika njia nzima, akaununua, na aliporudi nao, alasiri ya tarehe 19 Juni, mkewe alikuwa amekwisha kukata roho.

Jana binti yule alifika nyumbani na sweta amelifua na kulikunja, analia, anataka kulirudisha, watoto wakasema baba pokea, ni lako hilo, akalipokea, akalivaa, akasimama wima kama alivyozoeshwa, akageuka, kisha akalivua na kumvisha binti yule, huku akimfokea kwamba zawadi ya mke wake hairudishwi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioacha shughuli zenu, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya maji, na ninyi mliokuja na masweta yenu katika joto hili, Fundi Saa amewaona, mmemuumiza na mmemfariji.

Maneno ya mwisho ni yake, nayo yanasomwa kama alivyoyaandika. Mama watoto, pumzika kwa amani, umechoka, na huko uendako, kabla hujamwona mtu anayetetemeka, tafadhali, anza na langu.