Neno Nililomwambia Mama Mkwe Gerezani

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote naomba nimshukuru Mungu nikiwa nimesimama, maana kuna siku sikudhani ningesimama tena mbele ya watu bila kuona aibu. Bwana Yesu asifiwe sana.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mama Kulwa, niliyekuwa nikiuza wali na maharage pale karibu na makarasha ya kusagia mawe, hapa Nyarugusu. Mume wangu alifariki pacha wetu, Kulwa na Doto, wakiwa wadogo. Nikawaacha kwa mama mkwe wangu, Ushirombo, nikaja kutafuta riziki huku kwenye machimbo ya dhahabu. Mama mkwe namwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma.

Kulikuwa na mchimbaji mmoja, Shija, mteja wangu wa kila siku. Alikuwa mwema kwangu. Aliniletea wateja, na maji yakikosekana alinibebea madumu. Siku moja alikuja na kiroba akasema, "Mama Kulwa, niwekee mzigo wangu hapo nyuma ya magunia ya mkaa. Nitaupitia kesho."

Nikamwekea. Akaja tena mara ya pili, na ya tatu. Ndugu zangu, bhangi ina harufu yake. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua nikiuliza nitajibiwa.

Mara ya tatu polisi walikuja mchana, watu wakiwa wanakula. Wakasogeza magunia, wakakitoa kile kiroba mbele ya wateja wangu. Shija alishatoweka, na mpaka leo sijamwona. Nikashtakiwa kwa makosa mawili: kuuza bhangi na kupatikana nayo. Polisi walidai kuna mtu aliyenunua kwangu, ila kuuza sikuuza hata siku moja. Lakini mahakamani nilikana yote mawili. Nilisema kiroba kile sikijui, polisi wamenipandikizia. Hakimu hakuniamini. Nikafungwa miaka mitano.

Mtu aliyeniamini alikuwa mayu. Hakuwa mtu wa kanisa, na tulipokuwa kwake hatukuwa tukielewana sana. Lakini alikuja gerezani kila Jumamosi, amebeba matobolwa kwenye kitambaa, yaani viazi vitamu alivyovichemsha na kuvikausha mwenyewe. Alikitangazia kijiji kizima kwamba mkwe wake amesingiziwa. Aligombana na rafiki yake wa tangu usichana, Mama Limbu, kwa sababu tu mtoto wa Mama Limbu ni askari polisi. "Mtoto wako na wenzake ni waongo," alimwambia, na hawakusalimiana tena. Aliponisimulia hayo alitabasamu, akidhani amenitetea. Mimi niliinama, nikaendelea kula matobolwa yake.

Gerezani nilikuwa na mwenzangu, mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu. Yeye ndiye aliyenisaidia kuandika sababu za rufaa. Nilimwambia aanze na hiyo ya kupandikiziwa. Akaweka kalamu chini.

"Mama Kulwa, hilo ni kweli?"

Nikaitazama ile kalamu.

"Basi tusiliandike," akasema kwa upole. "Tuandike yale waliyoshindwa kuthibitisha. Hayo ni haki yako. Uongo siyo haki yako."

Ndugu zangu, maneno yale yalinifanya nilie kuliko siku niliyohukumiwa. Nikapiga magoti pale pale, nikasema, "Bwana, sikuombi unitoe humu. Nitoe kwanza kwenye huu uongo."

Jumamosi ilipofika, mayu alikaa mbele yangu akaanza kufungua kitambaa. Nikamwambia, "Mayu, subiri. Kile kiroba hawakunipandikizia. Nilikificha mimi."

Aliacha kufungua kitambaa. Kisha akauliza, "Uliuza?"

"Sikuuza, mayu. Lakini nilijua ni nini."

Alifunga kitambaa, akajitanda khanga yake, akaondoka kabla muda wa kuonana haujaisha. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilijua nimempoteza, na wanangu pia. Hata hivyo, nawaambia ukweli, kifua changu kilikuwa chepesi kwa namna ambayo sikuizoea.

Jumamosi ya pili niliitwa. Nikamkuta mayu, na pembeni yake ameketi Mama Limbu.

"Nilikwenda kumwomba msamaha huyu," mayu akasema. "Nyumba yake iko jirani, lakini ilinichukua siku nyingi kufika."

Nikaanza kulia. Akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu nilimzika. Wewe uko hai. Siwezi kukuzika ukiwa hai kwa sababu umekosa." Ndipo akafungua kitambaa, tukala wote watatu.

Rufaa yangu ilisikilizwa Mahakama Kuu. Jaji aliniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema, "Mheshimiwa, nategemea sababu nilizoandika." Uongo wangu wa zamani sikuurudia. Siku ya hukumu jaji alisema yule anayedaiwa kununua kwangu hakuletwa kutoa ushahidi. Akasema haijulikani kile kiroba kilitunzwa na nani tangu kilipokamatwa mpaka kilipoletwa mahakamani, na hati ya kukamatia mali sikusomewa. Akafuta hatia zote mbili na adhabu yake. Akaamuru niachiwe.

Jaji hakusema mimi ni mwema. Alisema kesi haikuthibitishwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na niliporudi hapa mlinipokea kwa vigelegele mkisema, "Mama Kulwa alisingiziwa." Nikanyamaza tena. Nimenyamaza miezi kadhaa. Ndiyo maana leo nimemwomba mchungaji nafasi hii. Sikusingiziwa kila kitu, ndugu zangu. Nilificha, nikadanganya, na Mungu akanipenda hivyo hivyo nilivyo, akanirudisha kwa watoto wangu. Niliowadanganya, nawaomba mnisamehe.

Mayu yuko hapa leo, ameketi na Kulwa na Doto. Si wa kanisa letu, amekuja kunisindikiza. Mayu, wabeja. Asante, mama yangu.

Na wewe uliyebeba jambo usiloweza kumwambia mtu, usidhani Mungu atashtuka ukilitaja. Analijua, na bado anakungoja. Mtegemee. Ukishindwa kuanza peke yako, ibada ikiisha nitakuwa pale benchi la nyuma. Njoo ukae nami. Sitakuuliza kitu mpaka uwe tayari.