Kavata Musyoka, Aliyeitwa Mama Damu (1943–1997)

Wachungaji, wazee, majirani, na nyinyi mliotoka Kitui alfajiri mkafika hapa Kalamba, jamaa imetutuma tuwasomee maisha ya mama yetu Kavata.

Alizaliwa hapa Kalamba tarehe 4 Machi 1943, binti ya Ndululu, akasomea Matiliku, na tarehe 14 Desemba 1963, siku mbili tu baada ya Uhuru, akafunga ndoa na Musyoka, fundi wa malori kule Emali, Mungu akawajalia Mwangangi na Mumbua. Musyoka alituacha tarehe 9 Agosti 1969, lori lilipopinduka, Mumbua akiwa bado ananyonya.

Januari 1970 Kavata aliajiriwa msaidizi katika maabara ya damu, hospitali ya Kitui, watoto wakabaki hapa Kalamba na nyanya yao, Mbinya. Aliosha chupa, alichemsha vifaa, aliangalia friji, alikimbiza damu wadi ya kina mama, na shule zikifungwa, wanafunzi waliozoea kutoa damu wakaenda kwao, alisimama kanisani na sokoni akiwaomba watu: "Damu haiuzwi dukani, ndugu zangu, na kuna mama amelala pale anaingoja." Ndipo wakamwita Mama Damu.

Lakini moyo wake ulikuwa huku. Alikuja kila mwisho wa mwezi, na Mumbua alijificha nyuma ya nyanya yake, maana nyanya ndiye aliyemwita mwaitu, yaani mama, na mama yake mzazi alimwita Kavata tu. Wenzake kazini wanasema alipomshika mkono mtoto anayechomwa sindano, alichelewa kuuachilia.

Alistaafu Desemba 1992, akakuta nyumba tupu, Mbinya amefariki, Mwangangi yuko Nairobi, Mumbua ameolewa Voi. Mumbua alipokuwa mjamzito, Kavata alimfuata huko, akamwambia, "Sikukulea, mwanangu, na miaka ile siwezi kuirudisha, lakini njoo ujifungulie kwangu." Mumbua alikuja, akajifungua Februari 1994, akakaa mwaka mzima, mama akimkanda, akimkorogea uji, akimwogesha mtoto huku anaimba hadi majirani wakamsikia.

Saratani ya tumbo iligunduliwa mwaka wa 1996, akafariki tarehe 17 Juni 1997, Mumbua akiwa amemkumbatia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, majirani waliomchotea maji, na kanisa. Mumbua ameomba tuseme neno moja tu, kwamba hakuwa ameshiba kukaa naye. Nenda salama, Mama, upumzike.