Mama Funguo na Geti Lililokwenda Harusini

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Funguo anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kufuli kwa miaka thelathini na minne. Alianzia meza ya kuchonga funguo. Akahamia chumba cha majaribio, ambako kazi ni kugonga kufuli kwa nyundo tangu asubuhi hadi jioni, na wenzake wa enzi hizo wanasema hawajawahi kumwona mtu aliyeridhika na ajira yake namna ile. Kisha akapelekwa dawati la malalamiko, na huko ndiko alikokaa zaidi, kwa sababu kufuli letu huuzwa likiwa na ufunguo mmoja tu. Mwanzilishi wa kiwanda aliamini kwamba ufunguo wa pili ni mwenye mali wa pili, na hakuna mkurugenzi aliyethubutu kumpinga, hata baada ya kumzika.

Kwa hiyo simu zililia. Watu walipiga wakiwa nje ya nyumba zao, wengine na taulo kiunoni. Mama Funguo aliwapoza, na ilipobidi aliwafuata hukohuko na kipande cha bati alichokiweka kwenye pochi. Kwa bati lile aliweza kufungua kufuli letu lolote. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba, na ninaiandika leo kwa kuwa muundo wa kufuli umeshabadilishwa.

Wengi wenu, hata hivyo, mnamjua kwa kazi yake ya mwisho, yaani dawati la wabia. Wenzetu wa karakana bado huniuliza wale vijana wanaokuja na simu zilizofungwa kwenye vijiti wanatafuta nini, basi nieleze. Siku hizi mtu hununua kitu kwa sababu fulani anayemfuatilia mtandaoni amekisifia. Huyo fulani, awe anapika, anachekesha au anapanga viatu, huitwa mwandaa maudhui. Kiwanda hukubaliana naye awe mbia wetu na kumpa neno lake maalumu. Mfuasi wake akinunua kufuli na kulitaja neno hilo, hupunguziwa bei, na mbia hupata kamisheni. Asipouza, hapati kitu. Ni dalali kama madalali wengine, ila huyu hujipaka poda kabla ya kuanza kazi.

Shida ni kuwapata walio wazuri. Afisa masoko alitaka wenye wafuasi wengi. Mama Funguo akamjibu kwamba wafuasi ni wa hao vijana, lakini kufuli ni letu. Kila mwombaji alikabidhiwa kufuli na ufunguo wake, akae navyo mwezi mzima. Halafu, saa asiyoitegemea, Mama Funguo alimpigia simu: "Mwanangu, ufunguo uko wapi?" Aliyejibu papo hapo alipita. Aliyesema "Subiri kidogo, Mama," alitakiwa heri. Mchekeshaji mmoja mwenye wafuasi wa kujaza viwanja aliuliza, "Ufunguo gani?" na afisa masoko akashinda siku nzima ameshika kichwa. Badala yake alipita dada mmoja anayejirekodi akipiga pasi, ambaye wafuasi wake wengi ni shangazi zake. Shangazi wote wakanunua.

Katika waliopita, kipenzi chake alikuwa kijana anayejiita Bwana Jaribio. Kazi yake ni kujaribu vitu mpaka vishindwe: viti huvikalia mpaka vivunjike, miavuli huifungua mbele ya feni. Alipoulizwa ulipo ufunguo alijibu kabla swali halijaisha, kwamba uko shingoni mwake, kwenye uzi mmoja na ufunguo wa chumba alichopanga.

Asubuhi ya siku ya harusi yake kijana huyu alipita kiwandani na suti yake kurekodi, kwa maneno yake mwenyewe, dakika mbili tu. Alijizungushia mnyororo kiunoni, akajifunga kwenye geti dogo la watembea kwa miguu, akabana kufuli letu, watazamaji wake wakimfuata mubashara. Hapo kando kulikuwa na pipa la funguo zilizochongwa vibaya, zikisubiri lori la kuzipeleka kuyeyushwa. Alikusudia kutupa pipani ufunguo wa chumba chake, watazamaji wapate presha kidogo, kisha atoe ule wa kweli huku akicheka. Akauchomoa, akaurusha, akacheka. Kisha akatazama kilichobaki kwenye uzi, akaona ni ufunguo wa chumba, na kicheko kikaishia hapo.

Tulijipanga mstari, kuanzia mhasibu hadi mfagizi, kila mmoja na konzi ya funguo kutoka pipani. Kila ufunguo uliokataa ulikuwa tangazo. Oda ziliingia kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, na afisa masoko akawa anatembea kandokando ya mstari akinong'ona, "Taratibu jamani, msiharakishe."

Ndipo mama wa bibi harusi alipopiga simu, na Mama Funguo akaipokea. Mama yule hakufoka. Alisema binti yake aliwahi kuvaa gauni la harusi na kusubiri mpaka ukumbi ukafagiliwa. "Yule wa kwanza alisema gari limeharibika," akasema. "Huyu wako anasema yuko kwenye geti. Nimwambie nini mwanangu?"

Ugumu wa hapo unahitaji kuelezwa. Bati lilikuwa kwenye pochi. Lakini akilitumia mbele ya maelfu ya watazamaji, basi dunia nzima imeona kufuli letu linafunguliwa na mama wa makamo kwa kipande cha mkebe, na kiwanda kimekwisha. Na kamera ikizimwa, watazamaji watahisi wameibiwa mwisho wa hadithi, na watauliza tunaficha nini. Mama Funguo alifungua pochi. "Baba, utanisamehe," akamwambia mkurugenzi. "Kiwanda kitapata kazi nyingine. Yule binti hatapata siku nyingine."

Aliyetuokoa ni mlinzi, na hakukusudia. Alikuwa akilalamika kwamba watu wanaliegemea geti lake na bawaba zimeanza kulegea. Mama Funguo akasimama, akaziangalia bawaba, akafunga pochi na kuagiza spana. Mlinzi alipinga kwa nguvu zote. "Geti likiondoka, mimi nalinda nini?" Akaambiwa alifuate geti lake, na kweli alilifuata, akaketi nalo nyuma ya lori pamoja na bwana harusi, mnyororo na lile pipa. Bibi harusi alipoarifiwa kwa simu alisema geti nalo ni mgeni, liletwe.

Walifika kwa wakati. Kwa kuwa pipa lilikuwepo, kila mgeni aliyekwenda kumpa bwana harusi mkono alichota ufunguo mmoja na kuujaribu. Mama mkwe alijaribu wake, akautia mkobani, akasema kwa upole, "Huu nao sio, tuendelee." Vitabu vilitiwa saini bwana harusi akiwa amesimama na geti ubavuni, mlinzi akilishikilia lisimwangukie msajili. Wino ulipokauka, mama mkwe alifungua mkoba, akatoa ufunguo uleule, akaupenyeza, na kufuli likaachia. Alipoulizwa kwa nini hakusema mapema alishangaa swali lenyewe. "Nimfungue kabla hajasaini?"

Wabia tulionao leo, kwa asilimia kubwa, waliomba kujiunga baada ya kuona video ile. Geti limerudi mahali pake, na mlinzi halimtoki machoni.

Swali lililokuwa likitukosesha usingizi ni nani atakayekalia kiti cha Mama Funguo. Mkurugenzi alimwomba achague mwenyewe, naye hakuhangaika: kuanzia Jumatatu dawati la wabia litashikwa na mama mkwe wa Bwana Jaribio, aliyekuwa karani wa shule. Vijana wa simu za vijiti wajiandae.

Mama yetu, asante kwa subira yako na kwa kutupenda kuliko makufuli tunayotengeneza. Pumzika, lala mpaka jua liwe kali, na wanaokuja kukutazama wawe wengi mpaka uchoke kuwafungulia mlango.